"Nifungulie ekzosi": kuzibua, kupanua au kutoboa?

SWALI: Mimi ni fundi wa chensoo (misumeno ya mnyororo ya injini) hapa Igoma, Mwanza. Mteja anayepasua mbao za mitumbwi aliniletea mashine akasema, "Nifungulie ekzosi ipate nguvu." Kijana wangu akaisafisha, akairudisha. Mteja akaja juu: alitaka itobolewe. Neno sahihi ni lipi hapa: kufungua, kuzibua, kutoboa au kupanua? Na je, "kumodifai" ni Kiswahili?

JIBU: Ndugu fundi, kijana wako hakukosea, na mteja naye hakukosea. Kilichowagombanisha ni kitenzi kimoja, fungua, ambacho karakana zetu zimekibebesha mizigo mingi mno. Ukifungua injini, umeitawanya vipande. Ukifungua boliti, umeilegeza. Ukifungua skrubu ya H (ya kasi ya juu) kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, umeongeza petroli. Na ekzosi, yaani boksi la kutolea moshi, kwa kuwa hufungwa kwa boliti kwenye silinda, maana ya kwanza ya kuifungua ni kuitoa mahali pake, basi. Anayetaka jambo lolote zaidi ya hapo hana budi kulitaja kwa kitenzi chake.

Tuanze na zibua. Kiswahili kina kiambishi -u- ambacho hutengua tendo: funga huzaa fungua, kunja huzaa kunjua, ziba huzaa zibua. Kwa hiyo huwezi kuzibua kitu ambacho hakikuziba. Kitenzi chenyewe kinabeba utambuzi wa ugonjwa: njia ilikuwepo, ikazibwa na kitu, sasa unairudisha kama ilivyotoka kiwandani. Kwenye chensoo kinachoziba ni masizi, na mara nyingi huziba ule wavu wa kuzuia cheche ulioko kwenye mdomo wa kutolea moshi. Dalili yake inajulikana: mashine inawaka vizuri, sailensi (mngurumo wa taratibu bila kubana mafuta) inatulia, lakini ukibana mafuta mpaka mwisho inakosa pumzi na kufifia. Chanzo huwa oili nyingi kupita kipimo, oili isiyo ya injini za aina hii, au kuiacha mashine ikinguruma bila kazi kwa muda mrefu.

Kuzibua, basi, ni kutoa wavu, kuuchoma kwa moto mpaka masizi yakauke, kuusugua kwa brashi ya waya na kuurudisha. Kama masizi yameingia mpaka kwenye tundu la moshi la silinda, ng'oa ekzosi, pandisha pistoni mpaka ubavu wake ufunike tundu, kisha kwangua kwa kijiti cha mti mgumu au plastiki. Bisibisi itachubua pistoni, na pistoni isipofunika tundu, vipande vya masizi vitaangukia ndani. Kijana wako akiisha kufanya haya ameizibua ekzosi, na pengine mashine ilihitaji hayo tu.

Panua ni habari nyingine. Mzizi wake ni pana, na maana yake ni kukifanya kitu kiwe kipana kuliko kilivyokuwa. Hapa hapana ugonjwa unaotibiwa. Njia ni safi, lakini mtengenezaji aliifanya nyembamba kwa ajili ya kelele na moshi, nawe unataka injini itoe pumzi kwa wepesi zaidi. Toboa nayo haitaji lengo, inataja tendo: kupitisha kitu mpaka upande wa pili. Ingawa ina -o- inayofanana na ile ya chomoa, hakuna tendo la "toba" ambalo toboa inalitengua. Toba tunayoijua ni ya waja, haihusiani na drili. Kwa hiyo unaweza kupanua njia ya moshi kwa kutoboa tundu la pili, au kwa kukata mdomo uliopo, au kwa kutoa bamba la ndani linalozungusha moshi. Mteja wako alitaka kupanuliwa. Kutoboa ni namna mojawapo tu ya kufika huko.

Angalia pia mwisho wa kitenzi, maana huko ndiko ugomvi wa dhamana huanzia. "Ekzosi imetoboka" maana yake imejitoboa yenyewe, labda kwa kutu au mtikisiko. "Imetobolewa" maana yake yuko mtu aliyeitoboa. Vivyo hivyo imezibuka na imezibuliwa. Na mteja akitaka umfanyie yeye, ile l iliyomezwa hurudi: nizibulie, nipanulie, nitobolee. Toboa huchukua -e- kwa sababu ya o iliyoko kwenye mzizi. "Nitobolie" si sahihi.

Kuna jozi nyingine ya maneno inayochanganywa: tundu na shimo. Shimo lina kitako, tundu linapenya. Sindano ina tundu, choo kina shimo. Unachotoboa kwenye ekzosi ni tundu.

Tundu la ukubwa gani? Kipimo kinachotumiwa sana na mafundi wa kazi hii ni kwamba jumla ya eneo la kutolea moshi ifikie kama robo tatu ya eneo la tundu la moshi la silinda, isipite hapo sana. Tuseme tundu la silinda, ukiondoa pembe zake za mviringo, lina milimita za mraba 350. Robo tatu yake ni karibu 262. Mdomo wa kiwandani wenye kipenyo cha milimita 12 una eneo la 113. Ukiongeza tundu moja la milimita 14 unapata 154 zaidi, jumla 267. Panatosha. Ukipita hapo unaongeza kelele tu, na mashine inaweza hata kupungua nguvu kwenye mizunguko ya chini. Toboa ekzosi ikiwa imeng'olewa, kamwe si ikiwa juu ya injini, kwa sababu punje za chuma zikiingia kwenye silinda zitamaliza ringi (pete za pistoni). Piga tupa kingo, osha, pulizia hewa, weka gasketi nzima. Elekeza tundu mbali na plastiki, tangi na mkono wa mkataji, na lifunikwe kwa wavu wa cheche kama lile la kwanza. Kwenye mashamba ya miti kama Rubya kule Ukerewe au Buhindi upande wa Sengerema, nyasi za kiangazi hazisubiri kaa la moto; cheche moja inatosha.

Sasa nafika kwenye neno linaloua injini nyingi kuliko drili: mchanganyiko. Chensoo moja ina michanganyiko miwili, nasi tunaiita kwa jina moja. Upo wa kwenye dumu, petroli na oili; kwa uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita, yaani mililita 100 kwa dumu la lita 5. Na upo wa kwenye kabureta, petroli na hewa. Mtu akisema "mchanganyiko wake mwepesi, uongeze uzito," fundi mmoja ataongeza oili kwenye dumu na mwingine atafungua skrubu ya H. Wa kwanza amefanya kinyume cha kilichotakiwa: oili ikizidi kwenye dumu, petroli inayopita kwenye kabureta inapungua, na injini inazidi kukosa petroli.

Neno mafuta nalo ni vivyo hivyo, tena kwa ubaya zaidi, maana ndani ya mashine hiyohiyo kuna petroli, oili ya kuchanganya na oili ya mnyororo, na zote ni mafuta. "Punguza mafuta" ni amri yenye tafsiri tatu. Ushauri wangu ni huu: neno mchanganyiko libaki kwa dumu peke yake. Habari za kabureta zisemwe kwa skrubu na mwelekeo: fungua H robo mzunguko, funga L (skrubu ya kasi ya chini) kidogo. Na mafuta yaitwe kila moja kwa jina lake: petroli, oili ya petroli, oili ya mnyororo.

Umuhimu wake unaonekana pale unapopanua ekzosi. Injini ikitoa pumzi kwa urahisi, huvuta hewa nyingi zaidi, lakini kabureta iliyosetiwa zamani haiongezi petroli kwa kiasi hichohicho. Petroli inapungua, joto linapanda, na kwa kuwa oili husafiri ndani ya petroli, ulainishaji nao unapungua. Pistoni hukwaruzika upande wa ekzosi, ringi inakwama, injini inanoki, yaani inakufa. Kwa hiyo ukishapanua, anza kwa kufungua H kama robo mzunguko, pasha injini moto, kisha rekebisha kidogo kidogo, thumni ya mzunguko kwa kila hatua. Ikiwa kasi ya juu bila kukata, sauti nzuri huwa na mkatikomkatiko kidogo. Ukiingiza kwenye gogo inasafika. Ikilia laini na kali hata ikiwa haikati chochote, H imefungwa mno. Mashine zenye koili (kifaa cha umeme wa plagi) inayoweka kikomo cha mizunguko hudanganya sikio, maana nazo hukatikakatika zikifika kikomo. Hizo zipime kwa kipima mizunguko na kufuata kijitabu chake. Nyingine kabureta yake inajiseti kwa umeme na haina skrubu kabisa. Mwisho hakikisha sailensi inatulia na mnyororo hauzunguki wenyewe.

Jambo la hapa kwetu. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Mwanza ni pungufu kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Chensoo iliyosetiwa Dar es Salaam ikiletwa Igoma hupata petroli nyingi kuliko hewa: inatoa moshi, inazembea, na mwenyewe anasema "ifunguliwe ekzosi" kumbe inahitaji kufungwa H kidogo. Ile iliyosetiwa hapa ikishuka pwani hupata shida ya kinyume, na hiyo ndiyo ya hatari, kwa sababu huko petroli ndiyo inayopungua.

Nguvu na kasi zisichanganywe. Kasi ni mizunguko kwa dakika. Nguvu huonekana mnyororo ukiwa ndani ya mti. Injini iliyokosa petroli hukimbia sana ikiwa tupu na kufa ikigusa mninga. Ukitaka kusema "imepata nguvu" kwa haki, kata gogo lilelile kwa mnyororo uleule ulionolewa, kabla na baada, ukitazama saa.

Kuhusu kumodifai: vitenzi vya kigeni vinavyoishia na irabu isiyo -a tunavyo tele, kama kujibu, kufikiri, kusamehe, navyo havibadiliki mwisho: asijibu, afikiri. Kwa hiyo "amodifai" kimsingi si kosa la sarufi. Taabu yake ni kwamba haikubali viambishi kwa urahisi, jaribu kumwambia fundi "nimodi..." uone ulimi unavyokwama. Tena haisemi kilichofanyika. Kuboresha kunadai matokeo kabla hayajaonekana. Kurekebisha kunamaanisha palikuwa na kasoro. Mimi ningechagua kubadili, kisha nitaje kilichobadilishwa. Kwa kazi za ndani ya injini tofauti hii ni ya lazima: kukwangua silinda ni kutoa masizi, kuchonga tundu la silinda ni kutoa chuma, na chuma hakirudi. Ukichonga pana mno, ringi inachungulia tunduni na kukatika. Kuondoa gasketi ya chini ya silinda ili kuongeza mgandamizo nako si kubadili gasketi. Anayefanya hivyo apime kwanza nafasi ya juu ya pistoni kwa waya laini wa lehemu, isipungue nusu milimita.

Chensoo ni neno zuri, nalo liko ngeli ya i-zi: chensoo yangu, chensoo zetu. Ch- yake si kiambishi, kama ilivyo kwa chai. Usiseme "chensoo changu" wala "vyensoo". Ukiandika msumeno wa mnyororo, basi ni umezima, imezima ikiwa mingi. Kwa ekzosi, wapo wasemao sailensa, na kwenye mashine hii inafaa, maana ni boksi la kupunguza kelele. Bomba la moshi halifai. Hapana bomba pale.

Kwa mteja wako, kabla ya kugusa boliti muulize: "Nikuzibulie au nikupanulie?" Akisema panua, kwenye risiti andika hivi: Ekzosi imepanuliwa, tundu jipya 1 la milimita 14, wavu wa cheche umewekwa, H imefunguliwa robo mzunguko, oili 50 kwa 1, imejaribiwa kwenye gogo, Mwanza.