Wafuasi wako wachore ukutani

Mwenye duka ukimwonyesha takwimu za wafuasi wa ukurasa wake wa Instagram kwenye simu, atasema "sawa, sawa", kisha ataendelea kufunga mzigo. Simlaumu. Nawasaidia wafanyabiashara wadogo hapa Kampala kuendesha kurasa zao, na zile asilimia hazimwingii mtu akilini mpaka azione zimechorwa kwa ukubwa, karibu na pale anapohesabia pesa.

Natumia karatasi ya manila na kalamu nene, basi. Instagram huwagawa wafuasi kwa umri: 13–17, 18–24, 25–34, hivyo hivyo hadi 65 na kuendelea. Ili uzione takwimu hizo, ukurasa lazima uwe wa biashara au wa mtengeneza maudhui (creator), na wafuasi wafike 100. Kila kundi lichoree mstari mnene wa kulala, na mistari yote ianzie ukingo mmoja wa kushoto. Duara la vipande achana nalo, hata kama linapendeza. Mwaka 1984 wanatakwimu Cleveland na McGill walipima jambo hili wakaona watu hulinganisha urefu kwa usahihi kuliko pembe, kama zile za vipande vya duara.

Wengi huishia hapo, na kazi ndiyo kwanza inaanza. Chini ya kila mstari wa wafuasi chora wa pili, rangi nyingine, wa wanunuzi. Hao utawapata kwenye daftari la mauzo: anayeuza aweke alama ya umri kwa kukadiria tu, mwezi mzima. Mama mmoja muuza vitenge wa Kikuubo, eneo la maduka katikati ya Kampala, alikuta mstari mrefu wa wafuasi ni wa 18–24, ila wa wanunuzi ni wa 35–44, akina mama wanaoshonesha nguo za harusi na kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwao. Aliitazama ile karatasi, akacheka: "Kumbe hawa watoto wananipendea picha tu!" Hakuwafukuza, maana ndio wanaosambaza picha zenyewe. Ila pesa ya matangazo aliielekeza kwa akina mama, na maneno ya tangazo yakabadilika: badala ya kusifia rangi, akaanza kutaja yadi na bei.

Sasa nchi na miji. Hapa Uganda kuna mtego. Tangu Facebook ifungwe Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, wengi wetu tulizoea kuingia kwa VPN, programu inayoficha mahali ulipo, na mfuasi aliyekaa zake Ntinda hapa Kampala anaweza kuhesabiwa kuwa yuko Uholanzi. Ukiona nchi ambayo hujawahi kuipelekea hata soksi ina mstari mrefu, usikimbilie kuota biashara ya nje. Mimi mstari wa mahali nauchora kutokana na safari za boda anayepeleka mizigo: Kawempe ngapi, Makindye ngapi, Mukono ngapi. Boda hana VPN.

Jinsia naiweka pembeni kidogo, kwa sababu anayefuata ukurasa na anayelipa mara nyingi ni watu wawili wa nyumba moja. WhatsApp Business nayo haikupi umri wa mtu, ila ina lebo. Wape wateja wako lebo za mtaa na bidhaa, mwisho wa mwezi uzihesabu uzichore vilevile.

Andika tarehe kwenye kona ya karatasi. Ukichora mpya, ya zamani ibandike kando yake, uone mstari upi umerefuka na upi umesinyaa kabla hujalipia tangazo lingine.