Leseni mpya, gari la kwanza: ulizia bima kabla hujalipenda gari

Dadangu, marahaba, na hongera kwa leseni. Nimelisoma swali lako mara mbili ili nisijibu nusu. Una miezi 3 tangu upate leseni, kazi yako ni hotelini Watamu na unalala hapa Malindi, zamu nyingine zinaisha usiku, bibi yako yuko Lamu, na umejiwekea shilingi 700,000 za gari la kwanza. Mjomba anataka uchukue gari kubwa la injini ya lita 2 ili "uonekane mtu", na ajenti mmoja amekwambia anayeanza thadi pati, ile bima ya kumlinda mtu mwingine tu, yamtosha. Nakujibu kwa yaliyonipata, maana mwaka 2021 nilikuwa pale pale ulipo wewe: leseni mbichi, naishi Maweni, nafanya kazi upande wa Gongoni, na nimechoka kungoja matatu.

Kosa la wengi wetu, na langu pia, ni kulichukulia gari kama jambo moja na bima jambo jingine la baadaye. Unalipenda gari, unalilipa, halafu unakwenda kwa ajenti na elfu kadhaa zilizosalia mfukoni kumuuliza "hii inatosha nini?" Hapo huna tena la kuchagua. Mimi nakushauri uanzie upande wa pili. Chukua majina ya magari mawili matatu unayoyafikiria, mwaka wa kutengenezwa na bei yake, nenda kwa maajenti wawili tofauti, uwaambie ukweli wote (umri wako, miezi ya leseni, safari za usiku, Lamu mara ngapi kwa mwaka), wakupe hesabu kwa maandishi. Ndipo utafute gari.

Hesabu yenyewe ina mitego. Utaambiwa bima kubwa, ile inayolilinda na gari lako mwenyewe, ni asilimia 4 ya thamani ya gari. Gari langu lilikuwa Vitz ya 2010 niliyoinunua 480,000, nami nikapiga hesabu kichwani nikapata 19,200, nikafurahi. Kumbe kampuni ina kiwango cha chini ambacho haishuki, na kwa gari la bei yangu kilikuwa 27,500. Nikaongeza 2,500 za kinga ya ghasia na ugaidi, nitakueleza kwa nini. Juu yake zikaja tozo za lazima: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwafidia wenye bima kampuni ikifilisika, na shilingi 40 za stempu. Jumla 30,175. Kwa hiyo kwa magari ya bei yetu asilimia unayotajiwa haisemi kitu. Uliza: "Kiwango chenu cha chini ni kiasi gani?"

Uliza pia umri wa gari. Kampuni nyingi haziliandikii bima kubwa gari lililopita miaka 15, nyingine hukomea 12. Sheria ya Kenya inakataza kuingiza nchini gari lililopita miaka 8, lakini yaliyokwishaingia yanazeekea humu humu, nayo ndiyo yatakayokuvutia kwa bei. Gari la miaka 14 linaweza kuwa zima kabisa, ila muda si mrefu utafungiwa mlango ubaki na thadi pati tu.

Sasa kutafuta gari. La kwanza nililolipenda lilikuwa Demio, mtu anauza Mtwapa, rangi safi, bei nzuri kuliko wengine. Kilichoniokoa ni shilingi 550. Nililipia utafutaji wa rekodi za gari wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa namba ya usajili, majibu yakatoka: gari limesajiliwa kwa jina lake na la mkopeshaji pamoja. Deni lilikuwa halijakwisha na hakunitajia hata neno. Nilipomuuliza akasema "hilo ni dogo, tutalimaliza baadaye." Nikamwambia alimalize kwanza. Hakunipigia tena. Siku hizi utafutaji huo unafanywa ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na hata kuhamisha umiliki: muuzaji ndiye anayeanzisha kwenye akaunti yake, nawe unakubali kwenye yako. Usitoe pesa yote kwa mtu anayekuonyesha logibuku (hati ya umiliki) mkononi halafu anazunguka kuanzisha uhamisho.

La pili lilikuwa hapa hapa Malindi, la mtu anayekaa karibu na bahari upande wa Casuarina. Kwa juu lilikuwa linang'aa. Nilikwenda na fundi wangu, akaliinua kwa jeki, akajilaza chini na bisibisi, akaanza kugonga sakafu na chasisi pole pole. Mahali pawili bisibisi ilizama. Kutu ilikuwa imekula chuma chote, juu wamepaka lami nyeusi. Hili nalisisitiza kwa sababu ushauri mwingi wa magari unaandikwa na watu wa Nairobi, ambao chumvi hawaijui. Gari lililolala miaka mingi ufukweni, au lililokuwa likienda Gongoni kwenye mashamba ya chumvi kama langu, linaoza kuanzia chini: sakafu, mabomba ya breki, mapango ya matairi, ekzosi. Na bima, hata iwe kubwa namna gani, hailipi kutu wala uchakavu. Usinunue gari la pwani bila kulitazama uvunguni. Ukishalinunua, lioshe chini kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki.

La tatu ndilo nililolichukua, Vitz ya injini ya 1,300, kutoka kwa mwalimu wa Kilifi. Matairi yalionekana mazima, lakini fundi akanionyesha namba nne ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2314 ni wiki ya 23 ya 2014. Matairi ya miaka 7 kwenye jua hili! Tukapunguziana bei nikabadilisha yote manne.

Nimesikia wakikusifia Note na Fit. Ni magari mazuri, lakini giaboksi zake nyingi ni zile za mkanda (CVT), zinataka mafuta yake maalumu. Mwenye gari wa kwanza akiwa alitia mafuta yoyote, ugonjwa utaurithi wewe. Vitz, Passo na Probox spea zake utazipata Malindi siku hiyo hiyo. Na kwa safari zako za usiku kutoka Watamu, tazama taa za mbele kabla ya redio. Kioo cha taa kikiwa cha manjano, boda isiyo na taa karibu na Gede utaiona imeshakufikia.

Nije kwenye thadi pati. Ajenti wako hakukudanganya kwamba ni halali. Sheria, Sura ya 405, inamtaka kila anayeendesha awe na bima ya kumlinda mtu mwingine akiumia au akifa kwa sababu ya gari lako, na kampuni hailazimiki kuvuka milioni 3 kwa dai, kinachozidi ni chako. Lakini gari lako wewe hailigusi. Likigonga mti, likiibwa, likiungua, umelipoteza. Ipo ya katikati, inayoongeza moto na wizi peke yake. Mtu mwenye gari la 200,000 anayeweza kulinunua jingine kesho, sitamlaumu akichukua thadi pati. Wewe unaweka akiba yote ya miaka yako ndani ya chuma kimoja, katika mwaka ambao mkono wako bado haujauzoea usukani. Chukua kubwa, angalau miaka miwili ya kwanza.

Nasema hivi kwa sababu ya jioni moja ya Februari 2022. Nimetoka Gongoni, saa kumi na mbili na nusu, jua linazama. Nimeshapita Mambrui, daraja la Sabaki bado. Ng'ombe wakatoka vichakani upande wa kushoto. Wa kwanza nilimwona, wa pili nilimwona, wa tatu sikumwona mpaka nilipomgonga. Boneti ikakunjika, taa ikavunjika, redieta ikamwaga maji yote barabarani. Mimi sikuumia, alhamdulillahi. Watu wakajaa, akaja mzee mwenye ng'ombe na karatasi, nitie sahihi kwamba nitamlipa. Nilikuwa natetemeka, namwonea huruma, na kalamu nilishaishika. Nikakumbuka kumpigia ajenti kwanza. Akaniambia: usitie sahihi, usikubali kosa, usiahidi pesa, piga picha, chukua majina, nenda polisi ukaandikishe. Nilipokuja kuusoma mkataba nikakuta ndivyo ulivyoandikwa, kwamba ukikubali kosa au ukiahidi malipo bila ruhusa ya kampuni unaweza kulipoteza dai lako. Utu wako ubaki pale pale, mpe mtu pole na umsaidie aliyeumia, lakini sahihi isubiri. Suala la ng'ombe lilimalizwa kati ya mzee na kampuni.

Matengenezo yalifika 168,000. Nilijua nitabeba eksesi, yaani sehemu ya kwanza ya hasara inayobaki kwa mwenye gari: asilimia 2.5 ya thamani, isiyopungua 15,000. Nisichokijua ni mstari mmoja chini yake: dereva mwenye leseni isiyotimiza miaka 2 anaongeza 7,500. Ajenti hakunitajia, nami sikusoma. Nikatoa 22,500 ambazo sikuwa nimezipanga, na gari likakokotwa na brekidauni hadi gereji ya Mombasa inayokubaliwa na kampuni, likakaa wiki nne. Mwaka uliofuata nilinunua nyongeza ya kufuta eksesi, 2,500 nyingine. Hata hiyo ilifuta 15,000 pekee, ile ya dereva mpya ikabaki. Kwa hiyo wewe uliza kwa maneno haya haya: "Mimi, kwa leseni yangu ya miezi 3, nikigonga leo nitatoa jumla kiasi gani?" Akikujibu kwa mdomo, mwambie akuonyeshe mstari. Ulizia na ya wizi, ambayo huwa kubwa zaidi. Kwangu ilikuwa asilimia 10 gari likiwa na kifaa cha kuzuia wizi, 20 likiwa halina.

Kuna ajenti mwingine aliyetaka kunisaidia kwa kumwandika kakangu, mwenye leseni ya miaka 12, kuwa ndiye dereva. Kataa. Siku ya dai watatazama nani alikuwa kwenye usukani na leseni yake ni ya lini, na uongo ulio kwenye fomu una sahihi yako.

Kwa upande huo huo, umesema wenzako wa zamu ya usiku watapanda na kukuchangia. Kumpa mwenzio lifti si tatizo. Ukianza kutoza nauli kila usiku, gari lako la binafsi linakuwa la biashara machoni pa kampuni, na hiyo ni bima nyingine kabisa, yenye kinga ya abiria. Wapo hapa mjini wenye Probox za binafsi wanaobeba abiria kila siku, na siku ya ajali wanaoumia ni wale abiria, halafu kampuni inamgeukia mwenye gari.

Na Lamu. Wakwe zangu wako huko, kwa hiyo njia ya Garsen, Gamba na Witu naijua. Gari linaishia Mokowe, unaliacha bara na kuvuka kwa boti, basi panga mahali salama pa kuliegesha, na uthibitishe kwamba bima inalilinda likiwa limelala huko. Bima kubwa ya kawaida haiingizi hasara ya ghasia za kisiasa na ugaidi. Inaongezwa kwa malipo, na kwa njia hiyo, baada ya mashambulizi ya kigaidi ambayo sote tunayakumbuka, mimi sikuwahi kuiacha. Soma na kipengele cha mafuriko pia. Mwisho wa 2023 maji yaliikata barabara pale Gamba, na mtu akilazimisha kupita kwenye maji kwa hiari yake, ana kazi kubwa ya kujieleza.

Kwa 700,000 zako ningefanya hivi. Gari lisizidi 570,000. Bima pamoja na nyongeza zote mbili (ya ghasia na ugaidi, na ya kufuta eksesi) tenga 40,000, usije ukapungukiwa. Matairi, mafuta ya injini, pedi za breki na ada ya kuhamisha umiliki, 60,000. Inayobaki, 30,000, weka kando kwa jina la eksesi na usiiguse hata kwa sikukuu. Na bima ianze siku unayolichukua gari, kabla hujalitoa uani kwa muuzaji, kwani bila pesa kuingia hakuna kinga. Cheti siku hizi ni cha kidijitali kupitia mfumo wa AKI, chama cha kampuni za bima, kwa hiyo hakikisha namba ya gari lako inasoma humo. Jina la kampuni lazima liwe kwenye orodha ya waliopewa leseni na IRA, mamlaka inayosimamia bima.

Kuhusu mjomba, msikilize kwa heshima, kisha mwombe awepo siku fundi atakapoliinua gari. Anayajua magari kuliko wewe na mimi, na jicho lake chini ya gari litakufaa. Ila hilo la lita 2 mwambie lisubiri. Kwa 570,000 utapata la zamani sana, lililokaribia miaka 15, linywe mafuta kila siku kati ya hapa na Watamu, na kampuni ikutolee bima mwaka mmoja tu. Ukishapata majina ya magari mawili, yaandike hapa pamoja na mwaka na bei, nami nitakusaidia kuzipitia hesabu za maajenti mstari kwa mstari.