Dogo anataka kusomea fiziolojia ya mimea, kuna maisha huko?

Mkuu umeuliza dogo wako akisomea fiziolojia ya mimea, yaani mmea unavyofanya kazi ndani yake, atakula nini. Mi niko huku Mwanza, utafiti wa pamba ndo umenilea, nakujibu nilichokiona.

Kwanza asisubiri tangazo la ajira lililoandikwa mwanafiziolojia, atazeeka. Anaanza na digrii ya kilimo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, fiziolojia anaibobea kwenye masta, na akiajiriwa ataitwa afisa utafiti kama wenzake. Mshahara wa serikali unaujua, siongezi neno.

Sasa kazi yenyewe, watu wanadhani ni koti jeupe na maabara, aisee! Msimu wa pamba hapa Ukiriguru, kituo chetu cha utafiti, saa kumi na moja alfajiri uko shambani na tochi, unakata jani unaliweka kwenye chemba ya chuma, kikonyo kimechomoza juu kupitia raba, unafungulia gesi ya mtungi taratibu umekodolea kikonyo na lenzi, maji yakichungulia tu unasoma geji. Presha ikiwa kubwa ujue mmea una kiu. Ni alfajiri kwa sababu usiku vitundu vya majani vinafunga na mmea unanyonya maji mpaka unalingana na udongo, jua likitoka umechelewa. Wanakijiji wakiona tochi wanajua wezi hao 😂

Ila utamu uko hapa. Mkulima anakuja analalamika vitumba vya maua ya pamba vinapukutika, anataka dawa ya wadudu. Okota vilivyoanguka uvitazame, ukikuta tundu hapo mshuku funza. Vikiwa vizima mara nyingi mmea wenyewe umevitupa, ukame wa Januari na Februari umebana au mawingu yamekaa siku kibao majani hayatengenezi chakula cha kutosha, sasa unapunguza midomo ya kulisha. Apulize dawa ya nini hapo, hela imeenda. Mihogo nayo hivyohivyo, ukame ukikaza sayanidi, ile sumu yake, inapanda, shamba lilelile mwaka huu mtamu mwakani mchungu.

Kinachoudhi ni vifaa, chombo kikifa spea mpaka iagizwe nje na msimu haukusubiri, umepoteza mwaka mzima wa data.

Kama dogo anapenda takwimu na jua halimsumbui mlete aone, ila vyuo vingi fildi wanatoa Julai mpaka Septemba, pamba ishavunwa tunachoma masalia tu. Aombe aje Januari.