Bustani ya kufuli

Mwanangu,

Umeuliza mwenye ile bustani iliyo mbele ya chumba chako huko London, yenye uzio wa chuma na lango la kufuli, anazuiwa na nini asipandishe ghorofa. Jibu lilianzia Leicester Square, uwanja wa katikati ya London wenye bustani kama hiyo.

Mwaka 1808 Charles Tulk aliiuza bustani ya hapo kwa bwana Elms, akabaki na nyumba zilizoizunguka. Hati ilisema mnunuzi ataitunza bustani na uzio, hatajenga kitu juu yake, na wapangaji wa Tulk, wakilipa ada ya wastani, watakuwa na funguo kwa gharama yao. Bustani iliuzwa tena na tena hadi ikamfikia Moxhay. Hati yake haikulitaja sharti hilo, ila alilijua. Akataka kujenga, Tulk akaenda mahakamani.

Kwa kanuni ya zamani mkataba huwafunga walioingia tu, na Moxhay hakuwamo. Lakini mwaka 1848 Lord Cottenham, jaji wa kesi hiyo, alitazama bei. Ardhi isiyojengeka huuzwa rahisi. Sharti likifa kwa kuuzwa tu, mtu angeinunua leo kwa bei ya kutupa na kesho aiuze ghali. Hivyo anayenunua huku anajua, amefungwa.

Usidhani hapo mambo yaliisha. Mahakama baadaye zilibana: linalomwandama mnunuzi ni katazo, "usijenge", si agizo kama "tengeneza uzio". Fedha za matengenezo zilihitaji njia nyingine. Huko Kensington, mtaa wa London, sheria ya 1851 inairuhusu kamati ya bustani kukusanyiwa ada na halmashauri kutoka nyumba za jirani. Tena mwenye haki ya kulidai sharti akiridhia livunjwe, halina meno. Miaka mitatu tu baada ya hukumu, James Wyld, mchora ramani, alipatana na akina Tulk, akasimamisha katikati ya bustani ileile jengo la tufe kubwa. Watu walipanda ngazi ndani yake kuitazama dunia iliyofinyangwa kwenye kuta zake! Lilibomolewa 1862. Albert Grant aliinunua bustani ikiwa hoi, akaifungulia umma 1874.

Yako yaelekea inalindwa na sheria ya 1931, iliyotungwa baada ya bustani ya Mornington Crescent kumezwa na kiwanda cha sigara. Ilitaja bustani za namna hii 461: kujenga marufuku, isipokuwa kinachohitajika kwa bustani yenyewe, mfano banda la vifaa. Haimlazimishi mtu kukufungulia lango.

Ufunguo muulize mwenye nyumba wako, ukiwa umeshasoma kama mkataba wa pango unaitaja bustani.

Baba yako