Kabla hujaishusha Citizen Kane

Vijana wanaoniletea makala zao za kwanza za uhakiki wa filamu wengi huanza kwa kugombana na namba. Citizen Kane, filamu ya Orson Welles ya 1941 kuhusu tajiri wa magazeti aitwaye Kane, haistahili kuitwa filamu bora kuliko zote. Au ilionewa iliposhushwa kutoka nafasi ya kwanza kwenye kura za wahakiki. Siwacheki, maana mimi nilianza vibaya zaidi. Makala yangu ya kwanza ilimtaja Orson Welles kuwa mtu wa kwanza kuonyesha dari kwenye filamu, na wa kwanza kufanya kilicho karibu na kilicho mbali vionekane wazi kwa pamoja. Mhariri alinirudishia karatasi ikiwa na maneno mawili ya wino mwekundu: "Nani kakwambia?" Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimeyasoma mahali, na niliyemsoma naye alikuwa kayasoma mahali.

Kwa hiyo ukiona mkono wako unaandika "wa kwanza", simamisha kalamu. Dari zilishaonekana kwenye filamu nyingine kabla ya 1941. Gregg Toland, aliyeshika kamera ya Kane, alikuwa ameshaipiga picha The Long Voyage Home ya John Ford mwaka 1940, na ukiitazama utaona mbinu zake nyingi zimo tayari. Ukiacha kuuliza nani alitangulia ukauliza ilifanywaje, ndipo utamu unapoanza. Dari zile zilikuwa za kitambaa, na maikrofoni zimefichwa juu yake. Kamera ikashushwa hadi chini, mahali pengine sakafu ikatobolewa ili ishuke zaidi, na ndiyo maana Kane anaonekana mrefu kama mnara hata dakika anaposhindwa uchaguzi.

Sasa tuje kwenye hizo namba. Jarida la Uingereza, Sight and Sound, huwauliza wahakiki filamu bora ni zipi kila baada ya miaka 10. Mwaka 1952 walijibu 63, iliyoongoza ni Bicycle Thieves ya Italia, na Kane haikuwemo hata kwenye 10 bora. Kuanzia 1962 hadi 2002 ikashika nafasi ya kwanza mara tano mfululizo. Mwaka 2012 Vertigo ya Alfred Hitchcock ikaipiku, na 2022 Jeanne Dielman ya Chantal Akerman ikapanda juu kabisa, Vertigo ikawa ya pili na Kane ya tatu.

Filamu yenyewe haikuguswa hata picha moja katika miaka yote hiyo. Waliobadilika ni watu. Ilipotoka, magazeti ya William Randolph Hearst, tajiri aliyejiona amechorwa mle ndani, yaligoma kuitaja, na wenye kumbi wengi wakaogopa kuionyesha. Ufaransa waliiona 1946, vita vimekwisha, na wahakiki wa huko, akina André Bazin, wakaisifu kwa nguvu. Katikati ya miaka ya 1950 RKO, kampuni iliyoitoa Kane, iliuza filamu zake kwa vituo vya televisheni, kizazi kipya cha Wamarekani kikaikuta sebuleni. Mwaka 2022 walioulizwa walizidi 1,600, kutoka nchi nyingi zaidi, na kwenye 100 za mwanzo zimo Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty na Black Girl ya Ousmane Sembène, Wasenegali wote wawili.

Halafu piga hesabu, watu hawapigi hesabu. Mwaka 2012 walipiga kura 846, kila mmoja akitaja filamu 10 bila kuzipanga. Vertigo ilipata kura 191, Kane 157. Maana yake ni kwamba katika kila wahakiki wanne, takriban watatu hawakuitaja kabisa hiyo iliyoshinda. Mtu akikuandikia kwamba "dunia imekubaliana", mpe hizo tarakimu.

Ukishamaliza na kura, rudi kwenye filamu, na usiitazame yote. Chukua kipande kimoja. Mimi huwapa kile cha Colorado. Kane akiwa mtoto anacheza kwenye theluji, kamera inarudi nyuma, kumbe tulikuwa tunamwangalia kupitia dirishani. Inazidi kurudi hadi mezani, ambapo mama anatia saini karatasi za kumkabidhi mwanawe kwa mtu wa benki. Mama na wa benki wako karibu nasi, baba kasimama nyuma yao akilalamika, na katikati, mbali kabisa, yule mtoto mdogo ndani ya fremu ya dirisha anapiga kelele za vita. Hajui kwamba anagawiwa. Baba anakwenda kufunga dirisha na sauti ya mtoto inakatika. Mama anainuka, anakwenda kulifungua. Nilikitazama kipande hiki mara nyingi sana kabla sijagundua hilo dirisha, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na kamera kama nilivyofundishwa.

Siri ya Rosebud, neno la mwisho la Kane kabla ya kufa, ambayo ndiyo kila mtu hukusimulia, kwangu ni sehemu hafifu kuliko zote. Welles mwenyewe baadaye aliibeza. Na mke wa pili wa Kane, Susan Alexander, nilimpita kijuujuu kwa miaka. Nilimwona mwimbaji asiye na sauti, wa kuchekwa. Wengi walimwona hivyo, tena wakadhani ni picha ya Marion Davies, mwigizaji aliyekuwa mwandani wa Hearst, na jambo hilo lilimwumiza Davies isivyo haki. Kitabu cha kumbukumbu zake kilipochapishwa 1975 baada ya kifo chake, Welles ndiye aliyeandika utangulizi, akamsafisha.

Leo namtazama Susan kwanza. Ameketi sakafuni kwenye ukumbi wa Xanadu, kasri la Kane, mkubwa kama stesheni ya treni, anaunganisha vipande vya picha ya fumbo, na mumewe anazungumza naye kutoka upande wa pili huku sauti zikigonga kuta. Anauliza saa ngapi New York. Kwa ukumbi huo mmoja, mimi nafasi ya tatu naiona ndogo kidogo, lakini makala ya kugombania namba siandiki tena. Kijana wa mwisho aliyekuja nilimpa dakika tatu za ukumbi huo na daftari tupu, nikamwambia arudi akishahesabu hatua kutoka kiti cha Kane hadi pale Susan alipoketi.