GDB kuonyesha alama za kuuliza badala ya majina ya fankisheni

Ndugu, umeeleza kwamba katika GDB (programu ya kudibagi, yaani kutafuta hitilafu) amri ya bt, inayoorodhesha miito ya fankisheni, inakupa fremu mbili (kila fremu ni mwito mmoja) zenye majina, kisha ?? tupu, na kwamba faili la core (nakala ya kumbukumbu ya programu iliyoanguka) ulilitoa kwenye seva. Kabla ya kushuku kwamba staki (sehemu ya kumbukumbu inayohifadhi fremu hizo) imeharibika, andika info sharedlibrary: laibrari yenye nyota pembeni haina taarifa za kudibagi, na yenye neno No alama zake hazikusomwa, mara nyingi kwa sababu faili lake halikupatikana. Mimi ningeanza kuishuku libc (laibrari ya msingi ya C), kwa sababu toleo la kompyuta yako likitofautiana na la seva, GDB hukokotoa fremu kwa anwani zisizo sahihi. Nakili laibrari za seva, kisha ielekeze GDB kwenye folda lake kwa set sysroot.

Laibrari zikilingana na tatizo likabaki, kompaili upya kwa -g -fno-omit-frame-pointer (ya kwanza huongeza taarifa za kudibagi, ya pili huhifadhi kielekezi cha fremu), na uongeze -fno-optimize-sibling-calls, kwani -O2 (kiwango cha uboreshaji wa msimbo) hugeuza baadhi ya miito ya mwisho kuwa miruko isiyoacha fremu.

Hatimaye tazama x/16gx $rsp, inayoonyesha thamani 16 kuanzia kilele cha staki kwenye x86-64. Ukiona thamani kama 0x4141414141414141, hizo ni herufi A zilizofurika kutoka kwenye bafa (nafasi ya kuhifadhi data) na kufuta anwani za kurejea; hapo GDB haina la kusoma, bali kukompaili kwa -fsanitize=address kutakuonyesha mstari ulioandika kupita mpaka.