Kipeuo (√) cha jumla hakigawanywi

SWALI: Mwalimu, kijana wangu yuko kidato cha tatu. Kwenye mtihani wa kufunga muhula aliandika √(9 + 16) = 3 + 4 = 7, akapata sufuri. Anayemfundisha tuisheni hapa Lanet anasema njia ni sawa, aliyesahihisha ndiye mkali. Kalkuleta inaniambia 5. Nimwamini nani? (Mama wa mwanafunzi, Nakuru)

JIBU: Mama, amini kalkuleta, na huyo wa tuisheni usimlipe ya mwezi ujao.

Kosa hili nalisahihisha kila muhula hadi kalamu nyekundu inaisha wino, na wala si uvivu wa kijana. Alifundishwa kwamba √(9 × 16) ni √9 × √16, yaani 12. Hiyo ni kweli. Kisha mtu akamwachia adhani kujumlisha nako ni vivyo hivyo. Chukua 3 + 4 utafute mraba wake: unapata 9, unapata 16, halafu 3 × 4 mara mbili, 24 ambayo hakuna aliyeialika. Ndiyo inayotenganisha 49 na 25. Kwenye kuzidisha hakuna masalio ya namna hiyo.

Alama zikimchosha, mtoe nje. Ploti nyingi za huko ni futi 50 kwa 100. Kutoka pembe moja hadi ile ya mkabala ni √(2,500 + 10,000), yaani √12,500, ambayo ni 50√5, karibu futi 112. Kwa hesabu ya tuisheni ni 150. Hizo ni futi za mtu aliyezunguka akiambaa ua! Hata kuku wako hukatiza katikati.

Wanaoniudhi ni hawa wauza njia za mkato. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza tuisheni ya likizo shuleni, wakahamia vibandani na karatasi zao za kurudufu. Wanajua kuna maswali ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yanayotaka jibu bila kalkuleta wala majedwali, basi wanamwambia mtoto: kipeuo kikiwa chini ya mstari wa sehemu, pindua juu, geuza alama, umemaliza. Na wanaonyesha: 1/(√3 − √2) ni √3 + √2. Mzazi anaona jibu ni sahihi, anatoa pesa.

Ni sahihi kwa sababu mfano umechaguliwa. Kazi halisi ni kuzidisha juu na chini kwa √3 + √2. Chini inabaki 3 − 2, yaani 1, na moja haionekani. Kijana akipewa 1/(√5 − √2), chini inabaki 3, na jibu ni (√5 + √2)/3. Aliyepindua tu anaandika jibu kubwa mara tatu, tena kwa kujiamini.

Mwambie huyo mwalimu akufanyie hiyo ya √5 − √2 ukiwa umekaa hapo hapo, kalkuleta iwe mkononi mwako.